Madam wa Harambee ya Visoda

Kwa miaka yote tuliyofundisha pamoja, sikuwahi kumwona Madam na kalamu yake mwenyewe. Alifika shuleni mikono mitupu, akasimama mlangoni mwa darasa langu na kusema, "Mama Tasha, nisaidie na kalamu," kwa sauti ya mtu aliyekuja kuchukua chake. Kesho yake aliomba tena. Ile ya jana ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine, naye hakujua nani. Aliomba chumvi, aliomba pini, aliomba mwavuli mvua ikianza na kwenda nao hadi mvua nyingine. Mwanzoni nilimkasirikia. Halafu nikaona kwamba hata vyake vilikwenda hivyo hivyo. Sweta yake ilivaliwa na mpishi wa shule msimu mzima wa baridi, na sikumsikia akiiulizia.

Kubwa ndilo lililomshinda kuomba. Mshahara ulipochelewa, sisi wengine tulikwenda kwa dairekta, yaani mwenye shule, tukamsimamia mlangoni mpaka atoe angalau kidogo. Madam alibaki darasani akisahihisha.

"Nendeni nyinyi," alisema. "Mimi nikifika pale ulimi unalala."

Na huyu ndiye aliyefundisha watoto kuomba.

Tulianzia Kibera, upande wa Ayany, katika shule ya mabati iliyokuwa na joto la tanuri mchana na baridi ya jiwe asubuhi. Yeye alikuwa na darasa la sita, mimi la tano, na katikati yetu palikuwa na plaiwudi. Mwenye ploti alipoitaka ploti yake, dairekta alikodi ghorofa moja kule Gatina, Kawangware, juu ya duka la simenti na misumari. Tukahama na madawati, na plaiwudi tukaja nayo. Kwa hiyo mtu huyu nilimjua zaidi kwa masikio. Nilijua alipokuwa ameketi na alipokuwa amesimama, maana sauti yake ilishuka akikaa, na alikaa kila alipopata pa kukaa: juu ya dawati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye ngazi. Alizungumza polepole, kama aliyetoka kupanda mlima. Darasa likizidi kelele, hakupandisha sauti. Aliishusha, mpaka wakanyamaza wapate kusikia alikuwa akisema nini. Mara nyingi alikuwa anasema, "Tuendelee. Hakuna aliyekufa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila jambo. Chaki zikiisha, hakuna aliyekufa. Choo kikifurika, hakuna aliyekufa. Siku aliyokufa mtu kweli, baba wa mtoto mmoja wa darasa lake, hakusema kitu tangu asubuhi hadi jioni. Aliandika kazi ubaoni na kukaa kando ya yule mtoto.

Mchezo wa harambee aliuanzisha kwa sababu ya uchovu. Nilikuwepo. Tulikuwa tukisahihisha insha mchana, wanafunzi wakinywa uji, akasukuma rundo la madaftari pembeni.

"Nimechoka kusoma harusi ambayo hakuna mtu alienda," akasema. "Wote wameandika harusi. Bibi harusi wote wametoka kwa gari nyeupe. Hebu niambie, hapa kuna mtoto ameona hiyo gari?"

"Wanatoa kwa kitabu cha marudio," nikamwambia.

"Basi waandike kitu haiko kwa kitabu."

Wiki hiyo aliwaambia kila mmoja afikirie kitu kimoja anachotaka kibadilike, akichore kwenye kipande cha katoni, kisha asimame mbele ya darasa aombe mchango. Pesa zilikuwa visoda, vifuniko vya chupa walivyookota nyuma ya baa. Kila mtoto alipewa vya kujaza kiganja, naye angevigawa apendavyo: ampe mmoja vyote, awape kidogo kidogo, au akae navyo. Aliyeomba alipaswa kujibu maswali kwanza.

Mambo ya kuchangisha watoto waliyajua kuliko sisi. Walizaliwa ndani yake. Kanisani kila Jumapili kulikuwa na bahasha. Kwenye simu za mama zao kulikuwa na makundi ya mchango wa matanga, mchango wa hospitali, mchango wa karo, na picha za wagonjwa wenye mipira puani. Siku ya kwanza, karibu wote walisimama na kusema "kwa moyo mkunjufu" na "hakuna kilicho kidogo." Madam aliyapiga marufuku maneno hayo. Alikataza kuinamisha kichwa, na alikataza kulia.

Mvulana mmoja alilia. Alitaka viatu, akaanza vizuri, kisha akaona darasa limenyamaza akashawishika.

"Rudi ukae," nilimsikia Madam akimwambia. "Ukimaliza kulia, urudi uombe."

"Lakini Madam, wananionea huruma."

"Wanakupa ndio unyamaze. Hawajakusikia."

Nilikuwa ninafundisha hesabu za sehemu upande wangu, nikanyamaza kidogo. Darasa langu nalo likanyamaza. Tulikuwa tunasikiliza wote.

Siku za harambee sikuweza kufundisha. Niliwapa wangu kazi ya kuandika, nao wakajifanya wanaandika. Palikuwa na Brayo, aliyetaka kumnunua mbwa wa landilodi wao.

"Utampeleka wapi?" mwenzake akauliza.

"Simpeleki mahali. Nitamfungua tu."

"Na akikuuma?"

"Akiniuma atakuwa ameuma mwenyewe. Saa hii landilodi ndiye anamtuma kuuma."

Alipata visoda vingi Brayo, ingawa hakuna aliyeelewa hesabu yake. Palikuwa na msichana aliyetaka nyumba yao iwe yake peke yake kwa saa moja tu. Walikuwa wanane katika chumba kimoja.

"Hao wengine wataenda wapi?"

"Hiyo ndio naombea pesa. Waende hoteli wakunywe chai. Wakunywe polepole."

"Na wewe utafanya nini ndani?"

"Nitakaa."

Hapo nilisikia Madam akicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Baadaye, tukiteremka ngazi kwenda nyumbani, aliniambia kwamba huyo angempa visoda vyote vya Gatina.

Huyo huyo Madam hakupenda michango ya kweli hata chembe. Alisema inawafanya watu kuwa ombaomba na wengine kuwa miungu, na anayeshika kipaza sauti ndiye hula. Kisha Jumapili alitoa. Alitoa kwa kwaya, kwa spika mpya, kwa mtoto wa mchungaji aliyekuwa akienda ng'ambo kusoma kitu ambacho hakuna aliyeweza kukitaja. Kwenye kundi la walimu jina lake lilikuwa la kwanza kila mara. Nilimuuliza mbona.

"Kusema na kutoa ni vitu viwili," akanijibu. "Mimi nasema na mdomo. Mkono hauniulizi."

Alikuwa na ubahili wa ajabu pia. Alimpa mgeni asiyemjua nauli ya kwenda Kakamega, kisha akagombana nami juu ya kipande cha chaki kisichozidi ukucha.

Sasa nieleze habari ya Linet.

Linet alikuwa mtoto mrefu, mkimya, wa kukaa dirishani. Baba yake alikuwa fundi wa makochi katika karakana za barabarani pale Gatina, na msumeno wa stima ulimkata vidole vya mkono wa kulia. Sisi tulijua kwamba aliumia. Hatukujua kiasi. Zamu ya Linet ilipofika alisimama na katoni yake, akasoma wima, bila kulia, bila kuinama, kama alivyofundishwa. Nilimsikia vizuri kabisa.

"Baba yangu ni fundi wa meza. Ametengeneza meza nyingi za watu. Sasa hana vidole vinne. Akiwa nje huficha mkono kwa mfuko, anaambia watu unapona. Haiponi. Nataka mchango apate mashine ya kukanyaga na mguu, ndio ashone vitambaa na huo mkono mwingine. Tumeshaulizia. Mashine iko Riruta, ni ya mama mmoja haitumii."

Maswali yalikuwa mazuri. Mmoja aliuliza kama baba yake anajua kushona. Linet akasema atajifunza. Mwingine akauliza ni nani atamfundisha. Akasema yule mama wa Riruta, ameshakubali. Visoda vilianguka mezani kama mvua kwenye bati.

Siku hiyo palikuwa na mgeni, dada mmoja kijana aliyekuja kila wiki kuwasomea watoto vitabu. Alikuwa mtu mwema, na mpaka leo sina neno baya juu yake. Alimpiga Linet video kwa simu yake, akampelekea dairekta, na dairekta akampa namba ya simu ya shule ya kupokelea michango. Usiku huo ilikuwa mtandaoni. Hakuna aliyeandika kwamba ni mchezo wa darasani. Watu walichanga pesa za kweli.

Madam hakujua. Mimi nilijua siku mbili kabla yake, kwa sababu shangazi yangu alinitumia, akiuliza kama hiyo si shule yetu. Nilipomwonyesha, alishika simu yangu kwa muda mrefu. Video ilipofika kwenye mfuko na mkono, aliizima.

"Baba yake ameona?" akauliza.

Alikuwa ameona. Vijana wa karakana walimwonyesha. Walikuwa wanampongeza.

Alikuja wakati wa uji. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote, mkono wa kulia mfukoni. Watoto walipisha ngazi bila kuambiwa. Linet alimwona akaingia darasani na kukaa mahali pake.

"Mwalimu wa Linet ni nani?"

"Ni mimi, Baba Linet. Karibu," Madam akasema, akainuka kutoka kwenye ndoo.

"Sijakuja kukaribishwa. Nimekuja kuuliza. Mimi nimekufa?"

"Hapana."

"Kwetu mtu huchangiwa hivyo akiwa ndani ya sanduku. Picha yake ikizungushwa watu wakisema pole, pole. Mimi natembea. Leo nimetoka nyumbani, mtoto wa mtu, kijana mdogo nilimfundisha kushika nyundo, ananiambia, 'Mzee, toa mkono tuone.' Mbele ya wateja."

Nilifikiri Madam angemtaja yule mgeni, au dairekta. Wote wawili walikuwa na makosa kuliko yeye. Hakuwataja.

"Nilimwambia mtoto aseme ukweli," akasema. "Sikumuuliza huo ukweli ni wa nani."

Baba Linet alimtazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na sasa hakujua apeleke wapi hasira yake.

"Toeni hiyo kitu," akasema.

"Nitatoa."

Akaenda. Kwenye ngazi alijikwaa kidogo, akashika ukuta kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia haukutoka mfukoni.

Mtu ambaye ulimi wake ulilala mbele ya dairekta alikwenda kwa dairekta asubuhi iliyofuata. Aliingia ofisini, akaketi kwenye kiti cha wazazi, akasema video iondolewe na pesa zipelekwe kwa mwenyewe. Dairekta alimweleza kwamba namba ni ya shule, kwamba wafadhili wamefurahi, kwamba kodi ya ghorofa hailipwi na visoda. Madam hakubishana. Alibaki kwenye kile kiti. Kengele ililia, akabaki. Mimi nilichukua madarasa yote mawili, nimesimama penye mwisho wa plaiwudi, jicho huku na jicho kule. Wazazi waliokuja ofisini walimkuta pale, wakamsalimu, wakauliza kuna nini, naye akawaambia kuna nini. Mchana dairekta alimpigia yule dada simu. Video ikaondolewa. Ilikuwa imeshanakiliwa na watu wengine, na nadhani hata leo inazunguka mahali.

Pesa dairekta alitoa sehemu. Hatukujua ni sehemu gani ya nzima, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuliza.

Tulizipeleka pamoja, jua likiwa bado juu. Walikaa ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko, chumba cha mwisho karibu na bomba. Baba Linet alikuwa kwenye stuli, mkewe anachambua mboga. Linet alikuwa ameketi kitandani. Mama yake alituambia kwamba tangu siku ile hasemi nyumbani, anajibu kwa kichwa tu.

Madam alieleza alichokileta. Alieleza pia kwamba si zote.

"Sitaki," Baba Linet akasema.

Mkewe hakuacha mboga. "Wewe kataa," akamwambia. "Mimi nitapokea. Unga haujui aibu."

Pale nje mtu alifungua bomba, akajaza ndoo, akaenda. Ndipo Baba Linet akamgeukia binti yake.

"Hebu simama," akasema. "Nilikuona kwa simu ya watu. Sema hapa nikusikie."

Linet alimtazama Madam. Madam aliangalia sakafu, nikajua hatamsaidia.

Akasimama. Pale palikuwa padogo, ikambidi asimame kati ya kitanda na magoti ya baba yake. Akaanza. "Baba yangu ni fundi wa meza. Ametengeneza meza nyingi za watu. Sasa hana vidole vinne." Hapo akatazama mfuko wa baba yake. Nilidhani angeruka sentensi iliyofuata, na mimi moyoni nilimwomba airuke. "Akiwa nje," akasema, "huficha mkono kwa mfuko."

Baba yake alitoa mkono mfukoni, akauweka juu ya goti. Ulikuwa umebaki kidole gumba na kiganja chenye kovu jekundu. Linet aliendelea mpaka mwisho, mashine, yule mama wa Riruta, kila kitu. Hakuna aliyempigia makofi.

"Makochi," baba yake akasema.

"Nini, baba?"

"Umesema meza. Mimi si fundi wa meza. Meza hata mtoto anatengeneza. Mimi natengeneza makochi."

"Neno kochi sikujua kuandika," Linet akasema.

Mama yake ndiye aliyecheka kwanza, akafunika uso na leso. Baba Linet hakucheka, lakini alimsogezea Madam stuli yake, akaenda yeye kukaa kitandani na binti yake. Tukapewa chai.

Ningependa kusema kwamba mambo yalinyooka. Mashine ilinunuliwa, hilo ni kweli. Kwa mwaka mmoja hivi alishona vitambaa vya makochi pale nje ya chumba, mkono mmoja ukisukuma, kiganja kile kikishikilia. Lakini makochi aliyatengeneza mwingine, na yeye hakuzoea kuwa fundi wa nguo za makochi ya watu. Alirudi kwao Busia. Linet na mama yake walibaki. Linet alimaliza darasa lake, akaenda shule nyingine, na tukampoteza kama tunavyowapoteza wengi.

Madam aliacha mchezo muhula mzima. Watoto walimuuliza kila siku, akawaambia amechoka, nao waliamini kwa sababu ilikuwa kweli. Alipourudisha, aliongeza sharti moja: uombee jambo lako mwenyewe, au umlete mwenye jambo. Basi watu wazima wakaanza kupanda zile ngazi. Alikuja muuza samaki kuombea paa la kibanda. Alikuja nyanya mmoja, ameshikwa mkono na mjukuu wake, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba yeye anaombea mtu wa kuongea naye kwa lugha ya kwao mchana, watoto wakiwa shule.

"Mtu wa kuongea nini, shosho?" mtoto mmoja akauliza.

"Kugombana," akasema. "Hata kugombana."

Walimpa visoda vyote. Akavifunga kwenye kanga akaenda navyo, na Madam akamwacha aende navyo.

Mwisho wa mwaka ule dairekta alimwambia asirudi. Alisema wageni wamepungua tangu ile fujo, na shule inahitaji mtu anayejua kupokea wageni. Tulitaka kwenda kumwombea, walimu wote. Alitukataza.

"Mtamwambia nini?" akauliza. "Kwamba nilikaa ofisini kwake? Nilikaa." Akachukua begi lake. "Hakuna aliyekufa, Mama Tasha. Ingia darasani."

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo nilimwona mara chache, na kila mara barabarani, mmoja wetu akiwa na haraka. Nilisikia kwamba anafundisha watoto wa watu majumbani, upande wa Riruta, mtoto mmoja hapa, wawili pale. Nilisikia magoti yamemsumbua. Nilisema nitaenda kumwona, na kama kawaida ya mji huu, ukisema hivyo mwaka umeisha.

Nilimpata mwezi uliopita kwenye zahanati. Nilikuwa nimempeleka mama yangu kupimwa presha, naye alikuwa ameshaingia kwa daktari. Madam alikuwa kwenye benchi refu la ukutani, amevaa viatu vya raba na soksi nzito, ameshika kadi ya zahanati. Alikuwa amepungua mwili. Nilikaa kando yake, na ilimchukua kitambo kunitazama.

"Mama Tasha," akasema. "Umenenepa."

"Na wewe umekonda."

"Basi tumegawana."

Tukauliziana habari. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri apate nafasi ya mbele, na mchana bado alikuwa pale. Nilimuuliza kuhusu kufundisha majumbani. Akasema watoto wa siku hizi wana akili, ila kila mmoja anafundishwa peke yake mezani, na mtoto akiwa peke yake hawezi kukosea vizuri, anaogopa. Nilimuuliza kama amewahi kumwona Linet.

"Nilimwona pale Kawangware, stendi. Ana saluni na wenzake. Alinisuka."

"Alikuambia nini?"

"Hatukusema sana. Alinisuka polepole, hakuniumiza." Akafikiri kidogo. "Alikataa nilipe. Nikalazimisha, akakataa. Nikaacha kulazimisha."

"Ulifurahi?"

"Sijui kama nilifurahi. Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Lakini nilikaa pale mpaka akamaliza, na sikutaka amalize."

Nilianza kumweleza habari za shule, kwamba dairekta ameongeza ghorofa, kwamba plaiwudi sasa ni ukuta wa mawe na sisikii tena darasa la upande wa pili. Nilikuwa katikati ya sentensi nikahisi uzito begani. Alikuwa amelala. Kinywa wazi kidogo, mikono imelegea juu ya kadi.

Muuguzi alitoka akaita namba. Niliangalia kadi yake. Namba ilikuwa yake.

Nilimtazama usoni. Sikumwamsha. Mwanamume aliyekuwa kando yetu benchini, fundi rangi kwa jinsi suruali yake ilivyokuwa, alitugeukia.

"Ni mama yako?"

"Alikuwa mwalimu," nikasema. "Tulifundisha pamoja."

Akainua mkono kumwambia muuguzi. "Huyu amelala. Ita anayefuata, atapita akiamka."

"Atapoteza nafasi," muuguzi akasema.

"Hapotezi. Sisi tuko hapa. Si tuko hapa?" akauliza benchi zima.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mwacheni."

Muuguzi akaita namba iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mama yangu alitoka kwa daktari, akatuona, akaketi upande ule mwingine bila kuuliza kitu. Bega langu lilikufa ganzi. Madam alikuwa amenyoosha miguu yake hadi katikati ya njia, ile miguu ya soksi nzito, na kila aliyeitwa alinyanyua mguu wake juu sana, akaipita taratibu, akaingia.